Mtu Aliyefika Getini

Siku ya tatu ya dhoruba, kijiji chetu chote cha Kok-Bel kilikuwa kimehamia shuleni. Umeme ulikatika Jumanne asubuhi, mnara wa simu ukanyamaza mchana wake, na kufikia Alhamisi theluji ilikuwa imeziba milango ya nyumba za bondeni, watu wakawa wanatokea madirishani kama wezi. Shule ndiyo iliyokuwa na jiko kubwa na ghala lililojaa makaa ya mawe. Na mwenye ufunguo wa shule nilikuwa mimi.

"Mwalimu Zuura, fungua bwana! Mwenzio siisikii tena pua yangu!"

Nikafungua. Tukasukuma madawati ukutani, tukatandika mazulia ya sufu sakafuni, kila aliyekuja akaja na alichonacho: huyu mkate, huyu siagi, huyu mtungi wa maziwa yaliyoganda akiukumbatia kama mtoto. Mama yangu, Burul, alipewa nafasi ya karibu kabisa na jiko, kama inavyostahili mjane mwenye umri wake. Wifi yangu Sabira, mke wa kaka yangu, ndiye aliyeshika birika. Alikuwa akizunguka na chai ya maziwa na chumvi, hakuna aliyemwona akikaa. Wanaume wenye nguvu, kaka yangu akiwa mmoja wao, walikuwa mazizini wakichimbua kondoo.

Watu wakikaa pamoja kwenye joto baada ya siku mbili za kuogopa, kila mmoja anataka kusema yaliyomkuta. Alianza Jolchu mwenye duka.

"Mimi nimetaka kwenda chooni jana. Si unajua choo changu kiko nyuma ya banda? Upepo ule ukikukosesha njia, utakutwa mwezi wa nne. Basi nikafunga kamba mlangoni, ncha nyingine kiunoni. Nikaenda salama. Wakati wa kurudi navuta kamba, navuta, kamba inakuja tu! Nyepesi! Kumbe huyu mama watoto kaifungua."

"Nilidhani ni ya kuanikia nguo," mkewe akasema bila kuinua macho.

"Nguo gani utaanika kwenye dhoruba, mwanamke?"

"Basi nilitaka kupumzika kidogo."

Tulicheka mpaka vioo vya madirisha vikatoa jasho. Bibi Uulkan naye akaeleza jinsi ng'ombe wake alivyozaa jikoni, na ndama sasa amelala kitandani, kwenye nafasi ya mumewe.

"Na babu je, analala wapi?"

"Kwani nyie mmemwona babu tangu jana?"

Hata mama alicheka, akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake. Nakumbuka nilimtazama nikajisemea moyoni kwamba nampenda sana mama yangu, na kwamba maisha yangu, pamoja na yote, hayakuwa mabaya. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Sikuwa na mume. Nilikuwa na mama, na wifi aliyekuwa rafiki yangu kuliko rafiki.

Mgeni mmoja tu ndiye alikuwa kati yetu. Aliitwa Mzee Satarkul, dereva wa greda la kusukuma theluji kutoka kambi ya barabara, upande wa pili wa mlima. Greda lake lilikwama asubuhi ile karibu na daraja letu, vijana wakaenda kumtoa. Alikuwa na masharubu meupe na mikono minene kama mkate wa tanuri.

"Miaka ishirini na saba napita kijiji hiki," alisema, akipokea bakuli la chai kutoka kwa Sabira, "leo ndiyo mara ya kwanza naambiwa karibu. Kumbe dawa ni kukwama!"

"Tueleze na wewe, mzee," Jolchu akamwambia. "Wewe ndiye umeziona dhoruba."

"Hii? Hii siiti dhoruba." Alikunywa, akapangusa masharubu. "Dhoruba ilikuwa ile ya miaka minne iliyopita, mwezi wa pili. Mwaka ule mnara wenu ulilala chini wiki tatu. Mnakumbuka?"

Nilikumbuka. Nani angekumbuka kama mimi?

Miaka minne iliyopita, mwezi wa pili, nilikuwa namsubiri Meder. Tulijuana chuoni, mimi nasomea ualimu, yeye ufundi wa mitambo. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye tabia ya kukutazama kwanza, kisha anatazama chini na kutabasamu, kama vile amekuibia kitu na ameamua kukificha. Kwao ni ng'ambo ya mlima. Aliniahidi kwamba siku ya kumi na nne ya mwezi ule atakuja mwenyewe kuongea na mama, na baadaye mama yake aje kunivika hereni za uchumba, kama ilivyo desturi yetu. Dhoruba ikaja. Siku ya kumi na nne ikapita, na ya kumi na tano. Simu ziliporudi, namba yake haikuwepo tena hewani. Niliipiga kwa miezi miwili. Kisha nikasikia kwa watu kwamba amekwenda Urusi kufanya kazi, na nikaelewa kama mwanamke yeyote anavyoelewa: hakunitaka.

"Siku ile nilikuwa narudi kambini," Mzee Satarkul aliendelea. "Nimekata tamaa, barabara siioni, naendesha kwa kubahatisha vigingi vya pembeni. Kilomita kama nne kutoka hapa naona kitu cheusi kimeegemea kigingi. Nikasema, ng'ombe wa mtu huyo amekufa. Nikashuka. Ni mtu! Kijana. Amekaa tu, macho wazi, theluji imemfunika mpaka kifuani, na wala hajisumbui kuipangusa."

"Yarabi," Bibi Uulkan akasema.

"Nikamvuta nikamwingiza ndani. Namwambia, we mtoto una akili? Unatoka wapi? Akaniambia ametoka ng'ambo, kwa miguu. Kilomita kumi na saba! Gari iliyombeba ilikwama juu kileleni, abiria wenzake wakabaki ndani, yeye akashuka akatembea. Nikamuuliza, ulikuwa unakimbilia nini cha thamani hivyo? Akasema, nilikuwa nakwenda kuomba mke."

Wanawake wakaguna. Jolchu akasema, "Huyo ndiye mwanaume." Mkewe akamwambia, "Sikia hiyo, wewe uliyeshindwa na choo."

Mimi sikucheka. Mikono yangu ilikuwa imelala mapajani nikiiona kama ya mtu mwingine.

"Nikamuuliza, sasa mbona unarudi? Akaniambia, nimefika kijijini, nimegonga nyumba ya kwanza, nimeambiwa umechelewa. Ameolewa jana. Wameshamchukua, ameshakwenda." Mzee Satarkul alitikisa kichwa. "Jana! Mnaona bahati ya mtu? Kilomita kumi na saba, na umepitwa kwa siku moja."

"Nyumba ya kwanza ipi?" mke wa Jolchu akauliza. Aliuliza bila nia mbaya, ni mwanamke anayependa kujua.

"Hiyo hapo darajani. Alinielezea vizuri, na leo asubuhi nimekwama mbele yake nikaliona geti lenyewe: la buluu, lina farasi wawili wa bati juu yake."

Kok-Bel kuna geti moja tu la buluu lenye farasi wa bati, na kaka yangu ndiye aliyelichomelea, mwaka aliooa. Nilisikia tu chai ikimwagika. Sabira alikuwa akiendelea kumimina kwenye bakuli lililojaa, chai inashuka kwenye zulia, inaingia kwenye soksi za Bibi Uulkan, na Bibi Uulkan naye hasogei.

Na mwezi wa pili mwaka ule, Kok-Bel hakuolewa mtu. Kila aliyekaa mle ndani alijua hilo.

"Mzee," nikasema. Sauti yangu ilitoka tulivu, ile ninayotumia darasani. "Huyo kijana anaitwaje?"

"Meder. Unamjua?"

"Na sasa yuko wapi?"

Uso wa mzee wa watu ukachanua. Alikuwa hajaona chochote. Alidhani ametufikisha mahali pazuri pa hadithi.

"Yuko kambini kwangu! Vidole viwili vya mkono wa kushoto walivikata hospitali, akaenda Urusi akahangaika huko, akarudi mwaka juzi, nikamfundisha greda mwenyewe. Kesho ndiye atakayenifungulia njia kutoka upande ule, mtamwona. Na mwezi wa tano nimemwoza mpwa wangu. Binti mpole kweli. Ana mimba ya miezi saba sasa."

Kuna mtu alisema hongera, kwa mazoea tu.

Nilisimama. Nilimpita mama bila kumtazama, nikaenda kwa Sabira, nikamtoa birika mkononi nikaliweka juu ya jiko. "Njoo," nikamwambia.

*

Ukumbi wa shule ulikuwa baridi kama kisima. Pumzi zetu zilitoka nyeupe. Sabira alisimama akiwa ameushika ukuta.

"Wifi..."

"Aligonga?"

"Zuura, nisikilize kwanza."

"Nakuuliza, aligonga?"

"Aligonga." Machozi yalikuwa tayari yanamtiririka. "Nilikuwa na wiki saba tu tangu niolewe. Wiki saba! Mama alikuja asubuhi ile akaniambia, akitokea kijana wa ng'ambo ya mlima, mwambie Zuura ameshaolewa. Mkwe akikuambia fanya, bibi arusi wa wiki saba anafanya. Ningesemaje?"

"Sawa. Ulikuwa bibi arusi wa wiki saba. Na wiki ya nane? Na mwaka wa pili? Na wa tatu?"

Aligeuza uso ukutani.

"Ulinisuka nywele, Sabira. Nililia mapajani kwako. Ulinifuta kamasi kwa mkono wako, ukaniambia mwanaume asiyekuja si mwanaume. Ulisema hivyo au hukusema?"

"Nilitaka usahau."

"Ulikuwa unajua kwamba alikuja!"

"Nilitaka usahau!" alipiga kelele, kisha akaziba mdomo wake kwa viganja. Nyuma ya ukuta watu walikuwa kimya kabisa. Nadhani hata makaa jikoni yalinyamaza yasikie.

"Alisema nini?" nikamuuliza. "Niambie kila neno."

Sabira alitelemka ukutani mpaka akachuchumaa. "Nilimwambia aingie apate moto. Alikuwa mweupe wote, mpaka kope. Hakuingia. Aliniuliza... aliniuliza kama ulilia walipokuchukua."

"Ukasemaje?"

"Zuura, naomba."

"Ukasemaje, Sabira?"

"Nikasema hapana. Nikasema ulikuwa unacheka." Alinitazama, na sijawahi kuona macho ya mtu yakiomba kiasi kile. "Hilo Mama hakunituma. Nililisema mwenyewe. Alikuwa hataki kuondoka getini, angesimama pale mpaka afe. Nilitaka aondoke."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo wa kwanza. Huu wa pili ulinikuta mikono mitupu. Kwa miaka minne, mahali fulani duniani, kulikuwa na mwanaume anayenikumbuka nikicheka.

Mlango wa darasa ulifunguliwa. Mama alitoka, akaufunga nyuma yake taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Mwache Sabira," alisema. "Yeye ni mdomo tu. Mimi ndiye niliyesema."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

"Nataka ulitamke."

Mama yangu si mwanamke mrefu. Siku ile niliona amepungua zaidi. Alijifunika shali yake mabegani, akasema, "Dada yako."

Dada yangu Jypar aliolewa ng'ambo ya mlima nikiwa na miaka kumi na minane. Uchungu ulimshika mwezi wa kwanza, njia imefungwa. Walimfunga kwenye sleji, ubao wa kuburutwa thelujini, wakamvuta siku mbili kutafuta daktari, akafia njiani. Walimrudisha kwetu theluji ilipoyeyuka, na mama ndiye aliyemwosha. Mtoto alikuwa bado yumo tumboni.

"Niliapa," mama akasema. "Nilipokuwa namfunga sanda niliapa mbele yake kwamba mlima ule hautanichukulia mwingine. Wewe ulikuja unacheka, mama nimepata mchumba, nakuuliza wa wapi, unanitajia ng'ambo. Ng'ambo ileile! Ningefanyaje? Ningekukataza ungetoroka naye. Nakujua, wewe ni wa baba yako."

"Ungeniambia mimi. Ungenipigia magoti. Ungelia. Ungefanya chochote, mama, lakini kwangu mimi, siyo kwake getini kwenye dhoruba!"

"Ungebaki?"

Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

"Umeona," akasema. "Nilikuweka hai, Zuura."

"Kwa ajili ya nani, mama?"

Aligutuka kama aliyezabwa kofi.

"Siku ile nilikuwa nimekaa dirishani kwako," nikamwambia. "Nimevaa lile gauni la kijani. Uliniletea chai ukaniambia, mwanangu toka hapo dirishani, utashikwa na kifua. Ukavuta pazia. Kutoka dirisha lile mpaka geti la Sabira ni nyumba kumi na moja tu, nimezihesabu mara ngapi nikienda kwake. Alikuwa amesimama pale. Ulijua amesimama pale?"

"Sikujua saa aliyofika."

"Lakini ulivuta pazia."

Mama alitazama sakafu. Ndani, mtu alikohoa. Bibi Uulkan, bila shaka kwa huruma tu, akaanza kuongea kwa sauti kubwa juu ya ndama wake, ili tusijue kwamba wametusikia.

*

Ijumaa jua lilitoka kali, mlima mzima ukawa unaumiza macho. Kabla ya saa sita tukasikia greda likinguruma kutoka upande wa kileleni. Watoto wakakimbia darajani wakipiga miluzi. Mzee Satarkul alinikuta kwenye ngazi za shule nikivaa mabuti.

"Mwalimu," alisema, kofia mkononi. Alikuwa ameshaambiwa, asubuhi ile hakugusa mkate wake. "Ningejua nisingefungua mdomo."

"Basi ashukuriwe Mungu hukujua."

"Unakwenda kumwambia?"

"Sijui, mzee."

"Mpwa wangu hana kosa lolote." Alisema polepole, si kwa kunitisha. "Jina lake hujaniuliza. Anaitwa Asel. Anamfumia glavu, ya kushoto ina vidole vitatu."

Nilishuka kuelekea darajani. Usiku mzima sikulala, na sikuwa nimeamua. Nilijiambia nikimwona tu inatosha. Nitamtazama kwa mbali nirudi.

Lakini njia iliyochimbwa ilikuwa nyembamba, kuta za theluji huku na huku zimenipita kimo, na nilipotokea darajani tulikuwa uso kwa uso. Alikuwa ameshuka kukagua bamba la mbele la greda. Alinyanyuka. Alikuwa amenenepa kidogo shingoni, ndevu zimemjaa. Alinitazama kwanza, kisha akatazama chini. Lile tabasamu halikuja.

"Zuura."

"Meder."

"Hujambo?"

"Sijambo."

Greda lilikuwa linaunguruma nyuma yake. Alivua kofia akaivaa tena. "Umekuja kumtembelea mama?"

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Alidhani nimekuja likizo kutoka kwa mume wangu.

"Dhoruba imekukuta huku," akaendelea, anajitahidi, maskini. "Mzee wako atakuwa na wasiwasi. Mna watoto wangapi sasa?"

Ilikuwa rahisi kabisa. Neno moja tu: wawili. Wawili, wa kiume na wa kike, hawajambo. Angeitikia, angesema Mungu awakuze, angepanda greda lake, angerudi kwa Asel na glavu zake. Nilikuwa na neno lile ulimini. Nililihisi lina ladha gani, na ladha yake niliijua, ilikuwa ladha ya kila kitu nilichokula kwa miaka minne katika nyumba ya mama yangu.

"Sijaolewa," nikasema.

"Mmeachana?"

"Sijawahi kuolewa, Meder. Si siku ile, wala jana yake, wala baada yake. Nilikuwa juu pale, nyumba ile yenye bomba la moshi. Nilikuwa nakusubiri."

Aligeuka taratibu akalitazama geti la buluu, lililokuwa limefukiwa nusu, farasi wawili wa bati wametokeza vichwa. Alilitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akauliza, bila kunigeukia, "Na kucheka?"

"Sikucheka. Hilo ndilo nililokuja kukuambia. Mengine yote yameshapita, lakini hilo sikuwahi kulifanya."

Alikaa kwenye ngazi ya greda. Mabega yake yaliinama, akaweka ule mkono wenye vidole vitatu machoni, na nikaona jinsi ulivyopona, ngozi imekaza na kung'aa. Miaka minne iliyopita ningeushika. Nilikunja mikono yangu mwenyewe kwapani, nikaibana.

"Kwa nini umeniambia?" alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya hasira. "Nilikuwa nimeshazoea, Zuura. Nimeoa. Nina mtoto njiani. Ungeniacha na uongo wangu."

"Wameshakudanganya wawili. Sikutaka kuwa wa tatu."

"Wawili? Yule wa getini na nani?"

Alinitazama, akasoma usoni mwangu, kwa sababu alikuwa anajua kunisoma hata zamani.

"Mama," akasema.

"Mama."

Tulikaa hivyo, yeye kwenye ngazi, mimi nimesimama, hatua tatu kati yetu. Hatukusogea. Watoto darajani walikuwa wanarushiana mabonge ya theluji. Kutoka kwenye greda lake Mzee Satarkul alipiga honi mara moja, fupi, ya adabu. Alikuwa amekwamuliwa, anataka njia.

"Ningebomoa lile geti," Meder akasema. "Ningejua upo ndani ya kijiji, ningebomoa kila geti."

"Najua."

"Sasa nifanyeje?"

"Nenda nyumbani. Usimwambie Asel kwa hasira. Mwambie siku nyingine, taratibu, au usimwambie." Nikautazama mlima. "Na mpeleke mjini mapema, kabla ya mwezi wake. Usingoje njia ifungwe. Niahidi hilo."

"Nakuahidi."

Alipanda. Alishika mlango, akasita. Katika nchi yetu mtu haondoki mlangoni kwa watu bila kumsalimia mkubwa wa nyumba, hata kama mkubwa huyo amemfanyia nini. Niliona akipigana na neno hilo.

"Nisalimie mama yako," akasema.

Akafunga mlango. Greda liligeuka kwa shida, likapanda mlima kwa njia ileile liliyoifungua, na la Mzee Satarkul likafuata nyuma yake. Nilisimama mpaka mngurumo ukaisha. Sikulia. Nilidhani nitalia.

Nilipogeuka, Sabira alikuwa nyuma ya geti lake, koleo la theluji mkononi. Aliliinua kidogo, kama mtu anayetaka kusema jambo. Nilimpita. Nyumba kumi na moja, nilizipita zote, watu wamesimama kwenye njia zao wamejifanya wanachimba. Mlangoni kwetu mama alikuwa amekaa kwenye kigogo cha kukatia kuni, bila shali, kichwa wazi kwenye baridi ile.

Nilikuwa nimeshaamua kuchukua nguo na vitabu vyangu. Shuleni kuna chumba cha walimu chenye kitanda na jiko dogo. Niliingia ndani nikafunga mzigo wangu. Haikuchukua muda, vitu vyangu havikuwa vingi. Nilipotoka na mfuko begani, mama alisimama akaziba njia, mikono yake miwili mbele, hajui aiweke wapi.

"Amesema nini?" aliniuliza. "Zuura, mwanangu, niambie. Amesema nini juu yangu?"

"Amekusalimia," nikamwambia.

Akakaa tena juu ya kigogo, akafunika uso wake. Nikapita pembeni yake, nikaenda kufungua shule.